Rangi ya Kijani kwenye Mbao Mbichi

Lodwar, Februari 2013

Arot,

Sikuulizi hali yako. Uko hapo nje unafunga sanduku lako kwa kamba na kucheka na wasichana wa jirani, nakusikia. Hali yako ni nzuri. Yangu ndiyo mbaya. Nimekasirika, na nataka ulijue hilo kuanzia mstari wa kwanza, usije ukafikiri hii ni barua ya machozi.

Nimeamua kuandika kwa sababu tangu asubuhi kila nikifungua mdomo unaniambia, "Mathe, tulia." Karatasi haiambiwi itulie. Na usicheke mwandiko. Nilifika darasa la saba, na mwalimu wetu kule Kataboi alikuwa akiwaonyesha wavulana daftari langu, anawauliza kama hawaoni aibu kuandika kama kuku aliyekanyaga majivu wakati msichana wa mvuvi anaandika kama karani wa serikali. Mwandiko ni huohuo. Mkono tu ndio umekuwa mgumu kwa sababu ya kubeba mbao zilizokusomesha.

Sitakuambia unywe maji. Sitakuambia habari ya chandarua, wala ya wavulana wa Kakuma, wala ya kuvuka laga, ule mto mkavu, wakati kuna mawingu milimani. Hayo unayajua, na usiyoyajua jua litakufundisha. Nataka tuongee habari ya mbao.

Najua hapo umeshusha pumzi. Mbao tena! Ndiyo, mbao tena. Kesho asubuhi utapanda lori la baba yako mdogo, Ewoi, ukae mbele na dereva kama mke wa waziri, na nyuma yako kutakuwa na mzigo wa mbao za saiprasi uliopakiwa Kitale juzi. Ukifika Kakuma, kule kambini kwa wakimbizi, kazi yako ya kwanza kama mtunza stoo itakuwa kuupokea mzigo huo na kusema kwamba ni mbao kavu. Si kavu. Zinaenda kuwa paa la madarasa. Na kila ubao una rangi yangu ya kijani kwenye ncha, rangi ambayo mimi sikuipaka. Ndiyo hasira yangu hiyo, yote. Wengine huzunguka jambo kama fisi na zizi. Mimi sina nafasi, taa ya sola ina chaji kidogo na bado sijapika.

Rangi ile umeiona maisha yako yote, lakini hukuona ilivyoanza, kwa sababu ulikuwa tumboni, halafu ukawa mgongoni.

Kabla yako nilikuwa nauza mabaki. Vipande vilivyotupwa na mafundi, nikaviokota, nikavipanga kando ya barabara, watu wakanunua kutengenezea banda la kuku au kigoda. Siku moja nikajiuliza, hivi nitauza makombo ya watu mpaka lini? Nikapanda lori hadi Kitale, tumbo likiwa mbele yangu na shanga zangu zote shingoni, maana sikutaka wanione mtu wa kuokoteza. Baridi ile! Nilidhani utazaliwa umevaa sweta. Tukafika kwenye mashine ya kupasua mbao, mwenyewe akaniambia, "Mama, chagua." Nikachagua. Nikachagua kama ninavyochagua mbuzi sokoni Lokori: unapitisha mikono chini ya tumbo, unainua. Mzito ana afya. Mwepesi ana ugonjwa, mwachie mwenyewe. Basi nikainua ubao mmoja mmoja. Nyepesi nikatupa kando, nzito nikaweka upande wangu. Vijana wa mashine walicheka hadi mmoja akakaa chini kwenye unga wa mbao. Nikadhani wanacheka shanga. "Chekeni," nikawaambia, "mtajua leo kwamba Mturkana hadanganywi."

Hakuna aliyenidanganya. Nililipanda lori na mzigo wangu wa maji nikiwa nimeridhika kabisa, na uchungu ukanishika njiani, karibu na Kainuk. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mkaa ndiye aliyekupokea. Ndiyo maana tukakuita Arot, mtoto wa barabara. Hukuzaliwa hospitali wala nyumbani. Ulizaliwa kando ya mzigo wangu wa kwanza, na mzigo wenyewe ulikuwa umelowa kama wewe.

Kwa sababu uzito ule ulikuwa maji, Arot. Huo mti ambao Biblia inauita mberoshi na sisi wa yadi tunauita saiprasi unakunywa kule juu Kitale kama ng'ombe. Ukikatwa leo na kupasuliwa leo, unaubeba na mvua zake. Kwao si shida kubwa. Kule hewa ina unyevu, mbao inakauka polepole, hata ikiwa tayari iko darini inakauka pamoja na misumari yake bila kelele. Hapa kwetu hewa inanyonya. Mbao mbichi ikishushwa Lodwar, nje inakauka kabla ndani haijajua imefika wapi. Basi inajikunja. Inapasuka kwenye ncha. Inakonda, na tundu la msumari linabaki pana kuliko msumari.

Nilizijengea nyumba mbao hizo. Nyumba yetu wenyewe, si ya mtu. Baba yako alipiga misumari ikaingia kama kwenye ugali, maji yakatoka pembeni ya kila msumari, sisi tukafurahi, tukasema ona mbao laini hizi, hazina ubishi. Kabla hujaanza kukaa, mlango ulikuwa haufungi. Kitanda kilisimama kwa miguu mitatu, wa nne uko hewani kama mbwa anayekojoa. Misumari ikaanza kutoka yenyewe. Siku moja tunakula, msumari ukaanguka puu kwenye sufuria, baba yako akauchota na mchuzi, akauangalia, akasema, "Leo nyama ina mfupa wa chuma." Tukacheka. Nilicheka, ndiyo. Kisha ukaja upepo wa alasiri, ule wa kawaida wa kila siku, haukuwa na lolote la ajabu, ukaingia chini ya mabati, ukayabeba. Bati moja lilishuka kwenye zizi la Mama Ekeno likamuua mbuzi wake mwenye mimba. Mpaka leo nikimsalimia "Ejok," ananijibu, "Ejok, na mbuzi wangu?"

Na nani aliyekimbia kuyafuata mabati yale hadi ukingoni mwa mto Turkwel? Ewoi. Alikuwa kijana mwembamba anayeishi kwetu, anakula kwangu. Alirudi na mabati mawili kichwani, damu inachuruzika kwenye kiganja. Lile kovu lake ambalo ulipokuwa mdogo alikuambia aling'atwa na mamba, ndilo hilo. Mamba gani! Alikatwa na paa la mbao mbichi. Kwa hiyo usije ukaniambia Ewoi hajui. Kila mtu mwingine katika wilaya hii anaweza kusema hajui. Yeye kila akifungua mkono anasoma.

Sasa nikuambie kosa langu lenyewe, kwa sababu hilo la kununua mbao nzito hata silihesabu, lile ni la kuchekesha tu, nalisimulia hadi kanisani. Kosa langu ni kwamba baada ya mabati kuruka, nilisema ni upepo. Nikasema ni misumari ya bei rahisi. Nikasema ni jicho la watu waliokuwa hawapendi kuona mwanamke na yadi. Na nikaendelea kuziuza zile zilizobaki, nikiwa na uso mkavu kuliko mbao zangu. Nilikuwa na mtoto mgongoni, na kichwa kigumu, na sikuweza kuwaza kwamba wale vijana wa Kitale waliocheka walikuwa na haki. Ningekubali kulala nje mwaka mzima kuliko kukubali hilo. Na kweli tulilala nje.

Aliyenitoa hapo ni Fundi Wekesa, Mbukusu yule mzee wa meno machache uliyekuwa ukimwita guka, yaani babu, ingawa si Mkikuyu. Alikuja kununua ubao mmoja wa kurekebisha benchi. Akachukua mbao mbili zangu akazigonganisha. Zikasema dup, sauti ya mbao yenye maji. Akaniangalia.

"Mama Arot, hizi unauza za kujenga au za kuoshea nguo?"

"Za kujenga. Kama hutaki, pita."

"Napita. Lakini nikipita utabaki nazo."

"Paa langu liliezuliwa na upepo, Fundi, kila mtu anajua."

"Hata langu linapigwa na upepo huohuo," akasema, "na jana nililala ndani."

Nilimtukana. Kesho yake nikamtafuta. Alikaa na mimi yadini, akanionyesha yale unayoyajua kwa sababu umeyafanya tangu ukiwa na meno ya maziwa: mawe kwanza ili mchwa asifike, halafu mbao, halafu vijiti vya kutenganisha, halafu mbao tena, vijiti vikae kimoja juu ya kingine kama mifupa ya mgongo, kivuli juu, magunia upande wa upepo ili zisikauke kwa pupa, na uzito juu kabisa zisipate nafasi ya kujipinda. Kisha mtu asubiri. Hapo ndipo nilipokasirika tena, nikamwuliza nitakula nini wakati nasubiri, akaniambia uza kuku. Nikauza kuku.

Rangi ilikuwa ya ncha. Ubao unapumua kwa ncha zaidi kuliko kwa ubavu, na ukiachwa hivyo kwenye jua letu ncha zinapasuka kama visigino. Ukizipaka rangi, maji yanatoka taratibu. Tulikuwa na nusu debe la rangi iliyobaki walipopaka milango ya zahanati. Ndiyo maana ni kijani. Ingekuwa nyekundu ningepaka nyekundu. Haikuwa urembo wala nembo, ilikuwa dawa.

Lakini watu wana macho. Waliona mlango wangu unafunga. Waliona kitanda kilichotoka kwangu kimesimama kwa miguu yote. Wakaanza kusema, "Nipe zile za kijani." Watu wakaja kutoka Lokiriama, mpakani kabisa, kununua mbao za milango, wamepita yadi tatu za wanaume wenye vitambi kuja kwangu. Yule fundi Mkongomani wa Kakuma, Papa Dieudonné, anayeagiza mbao za vitanda, hata jina langu halijui. "Mama Kijani," ndivyo anavyoniita akipiga simu. "Mama Kijani, nitumie ile ya kwako, ile nyingine inaniletea mateso." Sulemani alipojenga hekalu aliagiza miberoshi kutoka mbali. Nakuambia angekuwa Kenya angeagiza kwangu, na angengoja ikauke. Cheka, lakini ni kweli.

Sasa tuje leo asubuhi.

Lori lilisimama nje ya yadi kabla sijamaliza chai. Ewoi alitaka tu kukuonyesha kiti chako cha mbele, ndivyo alivyosema. Mimi sikuona kwanza, nilinusa. Saiprasi kavu ina harufu ya sanduku la nguo. Mbichi ina harufu kali, chachu, kama kitu kilichokatwa koo sasa hivi. Nikapanda gurudumu. Nikatoa mbao mbili, nikazigonganisha. Dup. Nikainua mmoja, mkono ukashuka. Nikageuza ncha nione, nikaona kijani changu.

Kama ningekuta mtu amevaa gauni langu la harusi, nisingeshtuka hivyo.

"Ewoi," nikamwita, "hizi mbao nimezikausha lini?"

"Shemeji, mbao ni mbao."

"Nimeuliza lini."

"Zitakaukia hukohuko juu ya paa. Wageni wanakuja kufungua madarasa, shemeji, kontrakta anapigiwa simu kila saa. Watu wanamiminika kutoka Sudan Kusini, watoto wanasomea chini ya turubai. Unataka wakae juani wakingoja vijiti vyako?"

"Rangi umetoa wapi?"

 Alikuangalia wewe. Na wewe, mtoto niliyekuzaa kando ya barabara, ukasema kwa sauti ya mtu anayeombwa chumvi, "Mathe, si ni rangi tu? Baba mdogo aliniomba, nikampa debe."

Si ni rangi tu.

Sikukupiga, kwa sababu umenipita urefu. Nikamwangalia baba yako. Alikuwa amekaa pale na kikombe chake. Akasema, "Ewoi ni ndugu yangu." Ndiyo, najua ni ndugu yako, nikamwambia, nimempikia miaka kumi na mbili, sijamwuliza baba yake ni nani, nimemwuliza rangi. Akarudi kwenye kikombe chake. Baba yako ni mtu mzuri sana, na ana kipaji cha kunyamaza wakati ambao mtu anahitaji mdomo.

Nataka uelewe kitu kitakachokuuma, na mimi kinaniuma kukiandika. Unafikiri Ewoi amekupa kazi kwa sababu ya cheti chako cha kidato cha nne. Cheti ni kizuri. Nilikitembeza soko zima, hata Mama Ekeno alisahau mbuzi kwa siku moja. Kazi ya stoo unaiweza ukiwa umelala. Lakini mwaka jana ulikuwa na cheti hichohicho na hakukuita. Amekuita alipopata mzigo huu. Anajua mafundi wa Kakuma wakiona ncha za kijani, na pembeni yake amesimama binti wa Mama Kijani mwenyewe, hakuna atakayegonganisha mbao. Rangi moja ingeweza kutiliwa shaka. Rangi na mtoto, nani atauliza? Wewe ni debe la pili, Arot.

Nimelisema. Sasa kunywa maji, nimesema sitakuambia lakini kunywa.

Sikatai unaondoka. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nimeshaondoka Kataboi, na mama yangu hakuniandikia lolote kwa sababu hakujua kuandika. Alinitupia maneno nikiwa tayari niko mbali na sikuyasikia vizuri. Na siyo kwamba nakuona mbaya. Ulitoa rangi kama unavyotoa kila kitu, kwa mkono wazi. Mkono huo umeupata kwangu. Ila mimi, kabla ya kutoa, huuliza kinaenda wapi.

Nikueleze na jambo lingine, maana sitaki uende Kakuma na ubishi wangu bila kuwa na akili zilizokuja baadaye. Baada ya kujifunza kukausha, nilizidi. Nilijiona mama wa mbao kavu wa dunia nzima. Ulikuwa darasa la tatu. Alikuja mwanamke mmoja jioni, kijana wake amefariki hospitali, kesho yake wanasafirisha. Alitaka mbao za jeneza. Kavu zilikuwa zimekwisha, kulikuwa na mbichi tu, zimeshuka siku hiyo. Nikamwambia mimi siuzi mbichi. Akaniomba. Nikamwambia jina langu ni jina langu. Aliniangalia kama mtu asiyeelewa lugha ninayosema, akaondoka. Walimzika kijana kwenye blanketi.

Fundi Wekesa aliposikia, alikuja hadi yadini. Kisha akaniambia, "Mama Arot, jeneza linakaa juu ya ardhi siku moja. Litajikunja lini?"   Yule mama huwa namwona sokoni anauza mikeka, na nanunua mikeka nisiyoihitaji. Unajua sasa kwa nini nyumba yetu ina mikeka mingi hivyo.

Nasema hivi kwa sababu mbao mbichi si mwizi. Ina kazi yake. Jeneza ni kazi yake. Ukimwaga zege, mbao za kuzuia zege ni kazi yake hasa. Zikiwa na maji ni afadhali, hazinyonyi maji ya zege. Mafundi wakiwa bado hawajafunga ule mkanda wa zege juu ya kuta, na nasikia bado, basi sehemu ya mzigo huo inaweza kwenda hapo kesho kutwa na hakuna atakayekosa. Zilizobaki zilale kivulini, juu ya mawe, na vijiti. Turubai wanazo. Mawe Kakuma si ya kutafuta. Watoto waendelee na turubai lao kidogo, jua la turubai wanalijua. Paa likija, likae. Kenchi za juu zikishapigwa misumari na mbao zikakonda, hakuna mtu atakayepanda juu ya kila dirisha na kila pembe kuirudisha misumari ndani. Alasiri moja wako darasani wanaimba hesabu, ule upepo wetu wa kila siku utapita chini ya bati. Mimi nilipoteza mbuzi wa jirani. Hapo chini kutakuwa na nani?

Unaona siyo rangi tu.

Mchana nilitaka kupanda lile lori na panga nikwangue ncha moja moja. Nilishachukua panga. Baba yako akainuka, safari hii akapata sauti, akasema nikifanya hivyo mbele ya watu nitakuwa nimemvua ndugu yake nguo barabarani. Nikaliweka panga. Sikuliweka kwa ajili ya Ewoi. Nililiweka kwa sababu nilikuona umesimama mlangoni, na nikaona unatazama chini, na nikajua kwamba umeshaelewa na unaona haya, na ukiona haya unacheka. Ndiyo unavyocheka hapo nje sasa. Mimi ni mama yako, Arot, najua kicheko chako cha furaha kina sauti gani. Hicho sicho.

Basi kesho mtafika. Msimamizi wa ujenzi, yule Mkamba anayeongea taratibu, atakuja na ngazi zake na mafundi wake. Nimemuuzia mbao mara nyingi, ni mtu mwenye kusikia. Ataona kijani, atafurahi, atakugeukia akuulize kama huo ni mzigo wa mama yako. Ewoi atakuwa hapo, ameweka mkono mfukoni. Swali lenyewe ni fupi, mtu anaweza kulijibu kwa kutikisa kichwa. Sikufichi: ukisema hapana, huenda ukaikosa kazi kabla hujajua stoo iko wapi. Baba yako mdogo atakuita msaliti, na wa ukoo watamuunga mkono, na mikutano itafanyika hapa kwangu na chai nitawapikia mimi. Najua ninachokuomba. Ningekuwa na umri wako, na kazi ya kwanza, na baba mdogo ananiangalia, sijui. Nilishakuambia nilisema ni upepo.

Namba ya msimamizi ninayo. Mchana nimeshika simu nikaipata hata ile sauti ya kuita, nikakata. Kwa sababu nikimwambia mimi leo, rangi yangu itakuwa imepona na wewe utashuka kwenye lori kesho ukiwa mtoto wa mama aliyekushtaki. Hutaweza kuinua uso Kakuma. Sitaki kukufanyia hivyo. Lakini pia sitawaacha watoto wa watu chini ya mbao zile kwa sababu ya kukuonea huruma, hilo litoe kichwani.

Nitafanya hivi, na nakuandikia ili usiseme nilikuvizia. Kesho mtafika mchana. Nitangoja mzigo ushuke. Nitangoja jua lipungue, kabla fundi yeyote hajapanda ngazi, maana alasiri hawaanzi kazi ya juu. Jioni nitampigia simu. Nitamwambia jina langu, na nitaanza kumweleza habari ya zile mbao.

Ninachotaka ni kimoja. Nataka anikatize. Nataka aniambie, "Mama Arot, umechelewa, binti yako ameshaniambia."

Mama yako